Mtoto Aliyeisalimia Sanamu

Kasulu mjini,
10 Juni 2024

Wifi Esteria,

Salamu utazikuta mwishoni, kama hasira itakuwa imekwisha.

Ulinipa mtoto likizo hii anisaidie kuokota pini na kukunja vitambaa, nami nikashukuru. Siku ya pili nikamtuma mlangoni akamkaribishe mteja. Unajua pale mlangoni ninaweka ile sanamu ya plastiki ninayoivalisha magauni ili wapita njia wayaone. Claudine akatoka, akasimama mbele ya sanamu, akapiga magoti, akainamisha kichwa, akaanza kupiga makofi ya salamu taratibu kama ulivyomfundisha. "Mwidiwe, mama." Akangoja aitikiwe. Kimya. Akapiga makofi tena: "Mwidiwe."

Wateja wangu walicheka hadi mmoja akajichoma sindano. Mimi nilidhani mtoto ananifanyia mzaha, nikamvuta sikio, nisikufiche. Naye akaniambia kwa upole kabisa, "Shangazi, yule mama amenuna, haitikii."

Hapo ndipo nilipomwinua kidevu. Miaka minane huyu mtoto ni wa kaka yangu na sikuwahi kumtazama machoni, maana kila tukikutana ameinama. Ukoo mzima tunamsifu: mtoto wa Esteria ana adabu, haangalii watu usoni. Macho yake yanacheza, wifi! Yanakwenda kulia, yanakwenda kushoto, hayatulii hata kidogo. Nilimwonyesha kifungo cheupe juu ya kitambaa cheusi, akakileta hadi kwenye pua ndipo akakitaja.

Na vidole vyake vina alama za fimbo. Nimemuuliza, akasema ni Mwalimu Nickson, kwa sababu hanakili ya ubaoni. Nikamwuliza kwa nini hanakili. Unajua alinijibu nini? Kwamba yeye hajui wenzake wanawezaje kukumbuka yote anayosema mwalimu. Anadhani wanaandika kwa kusikia! Hajui kama ubaoni kuna maandishi. Kila siku anachapwa kwa kitu ambacho hajui kipo, na nyumbani mnamwita mkaidi. Huyo Nickson nikimpata, mkasi wangu mkubwa una kazi.

Nakuandikia kwa sababu simu iko kwa kaka, na kaka akipokea anaweka sauti kubwa ili mama naye asikie. Haya ni yetu sisi wawili kwanza. Shamsi muuza vitenge anakuja mnada wa Murungu, atakukabidhi mkononi.

Nitampeleka kwa daktari wa macho.

Salamu sasa: hamjambo? Mimi bado nina hasira.

Wifi yako,
Recho


Murungu,
13 Juni 2024

Wifi Recho,

Barua yako nimeisomea nyuma ya jiko, nimekaa juu ya kinu, mama asije akaniuliza ni ya nani. Nimeisoma mara mbili nione kama kuna mahali umeniita mama. Sijapaona.

Kabla hujamfuata mwalimu na mkasi, jua kwamba Claudine alipimwa macho. Walikuja watu shuleni na lile bango lenye alama zilizoelekea huku na huku, watoto wakapangwa mstari, kila mmoja akasema alama imeelekea wapi. Claudine alijibu zote. Kaka yako alikuwapo, aliona mwenyewe, alirudi nyumbani anatembea kifua mbele. Sasa wewe na kifungo chako mmekuwa wataalamu.

Macho yanacheza tangu akiwa mchanga. Mama alisema anawatazama malaika, yataacha akiota meno. Meno yameota, yameng'oka, yameota mengine. Nilimwuliza mama tena, akasema nina haraka.

Na kuinama nimemfundisha mimi, sioni haya. Mtoto wa kike wa huku anasalimia kwa magoti na makofi na uso chini, hata wewe ulilelewa hivyo kabla hujapata cherehani na mdomo. Ungekuwa na wako ungejua mama anavyopimwa kwa salamu za mwanawe.

Usimpeleke popote mpaka Pasikali arudi kutoka Kitanga alikofuata mahindi. Ni baba yake.

Jambo moja. Akiamka tu mpe uji, hata akisema hana njaa. Usitoke naye tumbo likiwa tupu. Usiniulize kwa nini, mpe tu.

Nimekutumia maharage kidogo.

Esteria


Murungu,
20 Juni 2024

Recho,

Neno wifi nimeliacha makusudi.

Shamsi amefika mnadani leo. Hata kabla hajafungua mzigo amewatangazia watu wote kwamba amemwona Claudine nje ya kibanda chako. Amesema macho ya mtoto yamekuwa meusi yote, yale ya kahawia hayapo tena, anashikwa mkono kama kipofu, jua linamliza, na andazi alilokuwa nalo mkononi mwake mwenyewe alikuwa analipapasa. Akamwuliza mtoto amefanywa nini, mtoto akamjibu, "Daktari amenitia dawa, sioni."

Nilikukataza. Nilikuandikia kwa mkono wangu kwamba usimpeleke popote. Umempeleka, na mmemtia dawa, na sasa mwanangu haoni! Mama amejitupa chini uani anamlilia mjukuu kama msiba, majirani wamejaa, na mimi natakiwa niwapikie.

Aliona kidogo, sawa. Hicho kidogo ndicho alichokuwa nacho. Wewe ni nani hata ukichukue?

Mtoto nilikupa akiona. Nirudishie akiona.

Esteria


Kasulu,
22 Juni 2024

Wifi Esteria,

Mimi neno wifi siliachi, kwa sababu nikiliacha nitabaki na matusi matupu.

Mwambie Shamsi mdomo wake ni mwepesi kuliko vitenge anavyouza. Zile ni dawa za matone za kufungua mboni ya jicho, kama unavyofungua dirisha ili uone chumbani. Kwa saa chache mtoto anaumizwa na mwanga na vitu vya karibu vinamtia ukungu, kisha inaisha. Jioni ile ile alikuwa ananiokotea pini. Shamsi alipita mchana huo huo, akaona, akakimbia na habari. Angeuliza, angeambiwa. Na wewe uliyeniamini ukanipa mtoto, Shamsi ndiye uliyemwamini zaidi!

Hilo la "ungekuwa na wako" nimelisoma. Nimeliweka kiporo, nitalipasha moto siku yake.

Sasa sikiliza. Anayempima ni Daktari Saady, mtu wa Tanga aliyehamishiwa huku, mpole hadi anakera. Naye alianza na lile bango la alama. Claudine hata kabla ya kuonyeshwa kidole akaanza: juu, chini, kulia, kushoto, kushoto, juu. Kwa sauti ya kuimba. Daktari akaligeuza bango chini juu, mtoto akaimba vile vile. Unaelewa, wifi? Shuleni kwenu darasa zima lilikuwa kwenye mstari linaitikia kwa pamoja kama linavyoitikia jedwali la hesabu, yeye akashika wimbo. Alifaulu kwa masikio. Kaka alirudi kifua mbele kwa ajili ya wimbo.

Ndipo daktari akatia matone, akasubiri, akachungulia ndani kwa taa. Alitazama jicho la kulia. Akatazama la kushoto, akarudi la kulia. Kisha akanichorea kwa chaki yangu ya kushonea, kwenye kipande cha kitambaa. Jicho lenyewe ni zima, akasema. Nyuma yake kuna mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Kwa mtu mwingine ukichungulia unaona mwanzo wa mshipa ule ni duara lililojaa. Kwa Claudine ni kiduara kidogo katikati ya duara tupu. Mishipa yote miwili ni myembamba, haikukua tangu tumboni mwako. Hakuna aliyekosea, si wewe wala malaika wa mama. Nikamwambia basi mpe miwani. Akasema miwani haiwezi kuunenepesha uzi.

Kwa hiyo hivyo anavyoona ndivyo alivyoona siku zote. Hakuwahi kukulalamikia kwa sababu alidhani sote tunaona hivyo. Nililia mbele ya yule mwanaume wa Tanga, sikuona aibu.

Lakini hakuishia hapo, na hapa ndipo ninapokuomba uache ugomvi kidogo. Akamsimamisha mtoto ukutani, akampima kimo. Akauliza umri, akauliza tena. Mimi nikakumbuka lile gauni la njano nililomshonea Pasaka ya mwaka juzi. Bado linamtosha, wala pindo halijapanda. Nilikuwa nakusifu moyoni kwamba unatunza nguo.

Daktari anasema chini ya ubongo, karibu na inapopita mishipa hiyo, kuna tezi ndogo kama punje ya harage. Ndiyo inayouambia mwili ukue, na ndiyo inayoupa mwili nguvu ya kustahimili ukiugua. Baadhi ya watoto wenye mishipa myembamba hivi, tezi hiyo nayo ni dhaifu. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuuawa na homa ambayo mwenzake angeinywea dawa akaenda kucheza.

Akaniuliza maswali mawili. Alipozaliwa, alikuwa na rangi ya manjano kwa muda mrefu? Na akiwa na njaa au homa, huwa anaishiwa nguvu, anatoka jasho la baridi, anazimia? Nikamwambia sijawahi kusikia. Akasema, "Muulize mama yake. Baba usimuulize, akina baba huwa hawapo."

Nakuuliza.

Recho


Murungu,
26 Juni 2024

Wifi Recho,

Nimekuelewa kuhusu matone. Shamsi nimemsema mbele ya watu wale wale, ameomba radhi na kunipunguzia bei ya kitenge ambacho sikukihitaji. Kwa yale niliyokuandikia, basi.

Maswali ya daktari yote majibu yake ni hapana. Claudine hakuwa wa manjano. Claudine hajawahi kuzimia. Kwetu hakuna kifafa, si kwa baba yangu wala kwa mama yangu wala kwa babu zangu, na mtu yeyote akisema alimwona mtoto ameanguka njia ya kisimani huyo ni mwongo na anatafuta kunivunjia nyumba.

Kama macho hayana dawa, basi tena, tumshukuru Mungu kwa hayo aliyompa. Shule inafunguliwa, mrudishe.

Uji unampa?

Esteria


Kasulu,
29 Juni 2024

Wifi,

Kifafa kimetoka wapi? Barua yangu yote haina neno hilo. Daktari hakulitaja. Umejibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Mtoto ana homa tangu jana. Wamempima, ni malaria, ameanza dawa, lakini anatapika, ananitazama kama yuko mbali. Jana nilipiga simu. Kaka akapokea. Nikamwuliza kama Claudine huwa anazimia, akasema, "Mwanangu hajawahi kuzimia hata siku moja, unamtakia nini?" Nikamwambia akupe wewe. Nikakusikia unasema, "Hapana, hajambo tu, hajawahi," na nyuma yako nikamsikia mama anakohoa. Mama hakohoi bure, namjua, ni mama yangu.

Hapa hakuna mama. Kuna karatasi tu. Shamsi anatoka alfajiri kwa pikipiki si kwa sababu ya mnada, nimemtuma kwako. Hataingia ndani. Atajidai anatengeneza mnyororo pale njiani mpaka utakapomletea jibu.

Mficha maradhi kilio humfichua, wifi. Mimi sitaki kilio.

Recho


Murungu,
30 Juni 2024

Mpe sukari. Wifi, mpe sukari sasa hivi, iyeyushe kwenye maji, umtilie kidogo kidogo mdomoni, halafu ndiyo usome yaliyobaki.

Ndiyo. Anazimia.

Alizaliwa akawa wa manjano hadi watoto waliozaliwa naye wanakaa yeye bado ni wa manjano, nikawa namfunika ili watu wasione. Mara ya kwanza kuzimia alikuwa na miaka mitatu, ana malaria kama sasa. Hatupi mikono, hatoki povu. Analegea tu kama nguo iliyolowa, anakuwa wa baridi, jasho linamtoka, ukimwita anakusikia lakini harudi. Nikamlambisha asali akafumbua macho. Tangu hapo akilala na njaa asubuhi anaamka mlegevu. Ndiyo maana ya uji. Nina sukari imefungwa kwenye pindo la kitenge changu kila siku ya Mungu, na mama anadhani ni ugoro.

Mwambie daktari yote. Mwambie na hili la asali.

Na sasa kwa kuwa umenikamata koo, na mimi nitasema. Unaniuliza kifafa kimetoka wapi? Kimetoka kwenu! Kimetoka midomoni mwenu. Mtoto wa Jeanne alipoanguka shambani, mama alisema nini? Alisema ugonjwa huo umetoka ukoo wa mke, kwetu hakuna. Kaka yako Didas akamrudisha Jeanne kwao Rungwe Mpya, yeye na mwanawe, na godoro lake kichwani. Mchana kweupe, watu wanatazama. Nilikuwa na mimba ya Claudine. Nilimsindikiza hadi kwenye daraja, hakuna mwingine aliyetoka.

Na wewe, Recho. Didas alipooa mwingine, nguo ya bibi harusi ilishonwa na nani? Ilikuwa nzuri. Ilikuwa na lesi mabegani. Niliishika nikasema moyoni, huyu wifi yangu anashona vizuri, siku yangu ya kurudishwa ikifika atamshonea na atakayechukua nafasi yangu.

Ndiyo sababu nilikuandikia hapana. Usiniambie mimi nimeficha maradhi. Niliona wasioficha walifanywa nini.

Kama mwanangu atakufa mikononi mwako kwa sababu ya hapana yangu, ujue hapana hiyo tuliishona wote.

Mpe sukari.

Esteria


Kasulu,
13 Julai 2024

Wifi Esteria,

Yu hai. Najua Shamsi amekwisha kukuambia, na kaka nimemwambia kwenye simu, lakini ninaandika ili uwe nayo mkononi: mwanao yu hai, anakula, jana amemtukana paka wangu.

Shamsi alipofika na barua yako mimi sikuwepo kibandani. Claudine alikuwa amezimia asubuhi hiyo na tulikuwa wodini. Walimpa dawa ya malaria ya sindano, wakampa maji ya mshipa, mwili haukusikia. Shamsi akaja moja kwa moja na pikipiki mpaka ubavuni mwa wodi, mlinzi anamfukuza, yeye anapunga bahasha. Nilisoma mstari wa kwanza nikampa nesi, nesi akapima sukari, ilikuwa chini kabisa. Nikamtuma mtu amwite Daktari Saady. Yeye akasoma ukurasa mzima amesimama, akamwambia daktari wa wodi jambo moja tu: "Tezi. Mtoto huyu hana ile homoni ya kustahimili." Wakampa sukari kwa mshipa na sindano ya hiyo homoni. Nilikuwa nimemshika mguu. Ukaacha ubaridi, ukaanza kupata joto mkononi mwangu. Kisha Claudine akafumbua macho, akauliza kama ile sanamu tumeiacha peke yake.

Umeelewa kilichomwokoa? Taa ya daktari ilionyesha njia, lakini mlango ni wewe uliyeufungua. Angechungulia macho yale mpaka kesho asingeona asali.

Tukapewa rufaa kwenda Mwanza. Wamempiga picha ya kichwa, wamepima damu, wamethibitisha. Ni vidonge. Asubuhi, mchana na jioni, maisha yake yote, na akipata homa unaongeza kama walivyoandika, na akitapika unamkimbiza hospitali bila kungoja baba arudi kutoka Kitanga wala mama amalize kukohoa. Ya kukua watayaanza baadaye, wakishamwona tena. Macho yatabaki yalivyo. Akae mbele kabisa, asogee ubaoni anapotaka, aandikiwe kwa herufi kubwa na wino mweusi. Hilo tu. Hicho ndicho alichokuwa anachapiwa fimbo.

Sasa la nguo. Ni kweli. Niliishona, nikalipwa, nikala pilau. Kukuomba radhi kwa barua naona ni kujipunguzia mzigo kwa bei rahisi, kwa hiyo sikuombi. Juzi nimekwenda Rungwe Mpya kwa Jeanne. Hakunikaribisha kukaa, nami nikasimama. Mwanawe amekuwa kijana mrefu. Ana kifafa kweli, wifi, na anameza vidonge vinavyotolewa zahanati, na hajaanguka tangu mwaka juzi. Vidonge! Mwanamke alitolewa nyumbani na godoro kichwani kwa kitu cha vidonge. Nilirudi njia nzima natukana peke yangu, watu wakadhani nimelewa.

Kwa hiyo namleta Claudine mwenyewe, na maneno haya nitamwambia mama uso kwa uso, na Didas awepo. Wewe usiseme kitu. Ukisema wewe, ni mke mkorofi. Nikisema mimi, ni mtoto wao, watanifanya nini, wanirudishe wapi?

Kiporo nacho nimekitupa. Sina wangu, ni kweli. Lakini mguu ule ulipata joto mkononi mwangu.

Jambo la mwisho. Mfundishe kusalimia akiwa ameinua uso. Magoti apige, makofi apige, lakini amsogelee mtu mpaka amwone. Yeye pia ana haki ya kujua anamsalimia nani, mtu au plastiki.

Hasira haijaisha. Salamu.

Recho


Murungu,
25 Julai 2024

Wifi Recho,

Tangu uondoke nyumba imekuwa kama imepigwa radi, kila mtu anatembea kwa ncha ya miguu. Didas hajaja hapa tena. Mama alikaa siku kadhaa hasemi na mimi, akawa anasema na mbuzi. Nilimsikia anamwambia mbuzi kwamba dunia imeharibika, wasichana wanapanda mabasi kuja kuwafokea wazazi wao.

Pasikali aliniuliza, "Kwa nini hukuniambia mimi?" Nikamjibu, "Ungemwambia nani?" Akafikiri. Naona bado anafikiri. Lakini vidonge vya asubuhi anampa yeye, ameweka simu imlilie, na ile sauti kubwa ameitoa.

Kwa Mwalimu Nickson nilikwenda mwenyewe, sikutaka mkasi wako uchukue heshima yangu. Nilikuwa na karatasi ya Mwanza. Akaanza kuniambia darasa lina watoto wengi, hawezi kumjua mmoja mmoja. Nikamwambia vidole ulivijua kimoja kimoja. Akasogeza dawati. Sasa Claudine anakaa chini ya ubao kabisa, akitaka kusoma anasimama anausogelea hadi chaki inampaka puani. Wenzake wanamcheka. Anasema wacha wacheke, yeye sasa anajua walikuwa wanapata wapi yale majibu, kumbe ni wezi, walikuwa wanatazama.

Jumapili baada ya misa tulikwenda wote barazani kwa mama kumsalimia. Walikuwepo wageni, wazee wa kanisa wawili na mke wa Didas. Claudine akapiga magoti mbele ya bibi yake, akapiga makofi, "Mwidiwe, bibi," kwa adabu yake yote. Kisha akainua uso. Akasogea kwa magoti, akasogea tena, akashika mapaja ya mama kwa mikono miwili na kumtazama, pua kwa pua, macho yake yanacheza. Alitazama kwa muda mrefu, wifi. Ndiyo mara ya kwanza anamwona. Akasema kwa mshangao, kila mtu akasikia, "Bibi, kumbe una ndevu!"

Mzee mmoja alikohoa ndani ya kikombe. Mama akasema, "Mtoto huyu ameharibiwa mjini. Hana adabu." Halafu wote wakageuka kunitazama mimi, wakingoja nimkanye, kama nilivyokuwa nikimkanya siku zote.

Nikamwambia, "Sogea, mwanangu. Mtazame vizuri."

Mama ndiye aliyeinamisha uso.

Wifi yako,
Esteria